MAMA MJANE NA MWANAWE: MAISHA YA IMAMU SHAFII (R.A.)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa yatima, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:



Ijumaa hii hatusomi hukumu za udhu wala za zaka. Tunasoma maisha ya mtu ambaye tunamfuata kila siku katika ibada, na wengi wetu tunamjua jina tu. Mgeni akiuliza kwa nini tunaleta kunuti katika sala ya alfajiri, anajibiwa kwamba ni madhehebu ya Shafii. Watoto wetu chuoni wanaanzia na kitabu kidogo cha Safina, na Safina ni fikihi ya Shafii. Madhehebu hayo yalifika Maniema pamoja na misafara ya watu wa pwani, siku za Tippu Tip, walipokaa Kasongo na Nyangwe karibu miaka 150 iliyopita. Waarabu wa Omani wengi wao walikuwa Ibadhi, lakini Waswahili waliotembea nao walikuwa watu wa Shafii, na hao ndio waliowaonyesha babu zetu namna ya kusali.

Lakini fikihi yake tuiache leo. Ninataka tutazame namna alivyolelewa. Mwenye kukaa msikitini baada ya sala anajua jambo hili: haipiti wiki bila mama mjane kuja kusema kwamba mtoto amemshinda, hana baba, minervali haijalipwa, na rafiki zake wamekwisha kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Anauliza atafanya nini, yeye mwanamke peke yake asiye na kitu. Basi mama huyo asikilize habari za mama mwingine ambaye hakuwa na kitu.

Jina lake Imamu ni Muhammad bin Idris. Shafii ni jina la babu yake mmoja wa nyuma. Alizaliwa mwaka wa 150 wa Hijria, ndio 767 kwa hesabu ya Kizungu, na mwaka huo huo ndio aliofariki Imamu Abu Hanifa kule Iraki. Riwaya iliyo mashuhuri inasema alizaliwa Gaza, mji ule ule wa Palestina tunaousikia katika redio. Baba yake, Idris, alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Muttalib, ukoo ulio karibu sana na ukoo wa Mtume (S.A.W.), lakini alikuwa maskini. Alikwenda nchi ya Shamu kutafuta riziki, na huko akafariki mtoto akiwa bado mchanga. Mama, ambaye wapokezi wengi wanasema alikuwa wa kabila la Azdi, asili yao Yemeni, akabaki katika mji wa ugenini na mtoto wa kunyonya, bila mume na bila mali.

Tutazame mama huyu alifanya nini, maana hapa ndipo mambo yote yalipoanzia.

Alikuwa na njia nyingi. Angeweza kubaki Gaza, mahali alipozoea. Angeweza kurudi kwa kabila lake mwenyewe, wakamlisha. Mtoto alipofikia miaka miwili alimbeba akaenda naye Maka, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja katika jangwa. Wapokezi wameeleza sababu yake: aliogopa mtoto akikulia ugenini nasaba yake itapotea, hatajulikana ni mtoto wa nani, na haki yake kama jamaa wa Mtume itapotea pamoja nayo. Maka walikuwapo ndugu za baba yake. Na Maka palikuwapo Msikiti Mtukufu, na ndani ya msikiti ule walikaa wanavyuoni wakubwa wakifundisha wazi, mtu yeyote akikaa anasikia.

Ndugu zangu, mama huyu hakuwa na pesa ya kumnunulia mtoto kitu, lakini alimchagulia mahali. Mimi nimesomesha watoto chuoni miaka mingi, na ninasema kwamba katika malezi jambo hili tunalidharau. Mzazi anahesabu nguo, chakula na minervali, anasahau kuuliza mtoto anakaa na nani kuanzia saa tisa ya mchana mpaka magaribi. Nyumba ya kupanga katika kartie yenye baa tatu kila avenyu na nyumba ya kupanga karibu na msikiti pengine bei ni moja. Shangazi mwenye nyumba nzuri ambamo hakuna anayesali, na mjomba maskini mwenye adabu, unampeleka mtoto kwa nani wakati wa likizo? Hayo hayadai pesa. Yanadai kufikiri, na mara nyingine yanadai kuhama.

Na nasaba vilevile. Vita vya nchi yetu vimeacha watoto wengi wasiojua ukoo wa baba yao, na wengine baba yupo hai lakini mama amekasirika amekata kila kamba. Mama yake Shafii alimrudisha mtoto kwa watu wa marehemu mumewe, ijapokuwa nao walikuwa maskini na hawakumtajirisha. Mtoto akijua yeye ni wa watu fulani, anaona haya kuwaaibisha. Asiyejua ni wa nani, ni rahisi kuokotwa na yeyote atakayemwita ndugu, na sisi tumeona katika vita ni nani waliowaita watoto wetu ndugu na kuwapa bunduki.

Walikaa Maka katika bonde liitwalo Shi'b al-Khaif, kwa dhiki. Umri wa chuo ukafika. Mama akampeleka kwa mwalimu wa Kurani, na hakuwa na kitu cha kumpa mwalimu. Siku zile kama leo, mtoto asiyelipiwa anakaa pembeni, na mwalimu anaweka macho kwa wale wanaoleta. Lakini Muhammad alikuwa na kichwa chepesi. Mwalimu alipowasomea wenzake yeye alikuwa anashika, na mwalimu akiinuka kwenda zake, yeye anakaa mahali pake anawasomesha wadogo. Mwalimu akaona faida ya mtoto huyu ni kubwa kuliko malipo ya baba za wengine, akaridhika: wewe usilete kitu, lakini mimi nikiondoka ukae na wenzako. Kwa njia hiyo akahitimu Kurani yote naye ana miaka saba.

Tusipite hapa haraka. Mama hakukaa nyumbani akangoja apate pesa ndipo ampeleke mtoto kusoma. Alimpeleka hivyo hivyo. Wapo katika jamaa zetu watoto wa miaka kumi na miwili ambao hawajui Alhamdu kwa sababu mzazi anaona haya kumwendea mwalimu mikono mitupu. Ondoa haya hiyo. Mwalimu mwenye kumcha Mungu hatamfukuza mtoto, na kama yupo anayewafukuza basi huyo si wa kumwachia mtoto wako. Na tazameni pia kwamba mtoto alitoa kazi. Hakuchukua elimu kama sadaka, alikuwa msaidizi. Mtoto wa maskini akizoezwa kuomba tu, atakua muombaji. Akizoezwa kwamba asicho nacho mfukoni anaweza kukilipa kwa mikono na kwa akili, anatembea kichwa juu kati ya watoto wa matajiri. Kufagia chuo, kuteka maji ya udhu, kuwashikisha wadogo alifu na be, hayo yote ni malipo.

Alipomaliza Kurani akaingia katika msikiti kukaa na wanavyuoni, akisikia hadithi na masuala anayashika. Alitaka kuandika. Karatasi ilikuwa ghali, na mama hakuweza kununua. Basi akawa anaokota mifupa mipana, kama ile ya bega la ngamia, anaandika juu yake. Mfupa ukijaa anautia ndani ya mtungi wa zamani uliokuwa nyumbani. Mara nyingine alikwenda katika ofisi za serikali, ile diwani, akiomba karatasi zilizokwisha kutumika ili aandike nyuma yake. Fikirini nyumba ile ndogo, na humo mtungi uliojaa mifupa. Mama wangapi wangevumilia? Wengine tungeitupa siku ya kufagia na mtoto tungemgombeza kwa kuleta uchafu. Mama yule aliacha mtungi mahali pake. Kijana wako akikusanya waya na redio mbovu pembeni ya nyumba, au akichora kwenye makartoni, kabla hujatupa uliza kwanza ni nini.

Mama mwenyewe alikuwa mwanamke wa akili. Inaelezwa kwamba siku moja aliitwa mbele ya kadhi wa Maka kutoa ushahidi pamoja na mwanamke mwenzake. Kadhi akataka kuwatenganisha awasikilize mmoja mmoja. Yeye akamjibu kadhi kwamba hana haki hiyo, kwa sababu katika Kurani sababu ya kuwaweka wanawake wawili ni kwamba mmoja akisahau mwenzake amkumbushe, na atamkumbushaje akiwa nje? Kadhi akanyamaza. Mtoto aliyekulia na mama anayesoma aya namna hiyo, tusishangae alipofikia. Baba wanaosema kwamba kusomesha binti ni kuharibu pesa, watafakari habari hiyo.

Sasa tuje katika umri wenye shida, umri wa ujana, ambao wazazi wengi wanauogopa.

Kijana Muhammad alitoka Maka akaenda kukaa jangwani na kabila la Hudhaili. Watu hao walisifika kwa Kiarabu safi na kwa mashairi. Alikaa nao kwa muda, wakihama anahama nao, wakitua anatua nao, mpaka lugha yao na mashairi yao yakawa yake. Baadaye mjuzi mkubwa wa lugha, al-Asma'i, alisahihisha mashairi ya Hudhaili kwake, naye bado kijana. Na huko akapenda jambo la pili, kupiga mishale. Alilipenda kweli. Alikuwa akisimama juani muda mrefu akilenga shabaha mpaka tabibu akamwonya kwamba atashikwa na ugonjwa wa kifua. Mwenyewe akiwa mzee alieleza kwamba alifikia kupiga kumi katika kumi.

Wapo wazee watakaoona kwamba mtoto mwenye Kurani kifuani kupoteza siku katika mashairi na mishale ni hasara. Sikubaliani nao. Kiarabu alichokichota kwa Hudhaili ndicho alichokifasiria Kurani baadaye, na wanavyuoni wa lugha walimkubali kuwa hoja. Na mishale ilimpa mwili, subira na jicho. Kijana ana nguvu ambayo lazima iende mahali. Usipompa mchezo ulio wazi mchana, atatafuta mwingine usiku. Mpira wa vijana wetu jioni, kwa nguo ya kusitiri na kwa sharti kwamba adhana ikilia wanaacha, mimi siuoni ubaya. Ubaya ni mzazi asiyejua uwanja uko wapi na hajapata kusimama hata mara moja kutazama mwanawe akicheza.

Hata hivyo hatari ilikuwapo. Kijana mwenye sauti, mwenye nasaba na mwenye mashairi mengi, angeweza kubaki mtu wa kuburudisha watu tu. Ndipo akakutana na Muslim bin Khalid, aliyeitwa az-Zanji, mufti wa Maka. Sikilizeni namna mzee huyu alivyomrudisha. Hakumtukana wala hakumwambia kwamba anapoteza maisha. Alimwuliza anatoka wapi. Akajibu yeye ni wa Maka. Akamwuliza anakaa upande gani, akamwambia Shi'b al-Khaif. Akamwuliza ni wa kabila gani, akamtajia ukoo. Mzee akamsifu, akamwambia Mungu amempa heshima hapa na huko, kisha akasema ingekuwa vizuri zaidi kama akili ile angeitia katika fikihi. Maswali matatu, sifa moja, na neno moja la kumwelekeza. Kijana akamfuata, akawa mwanafunzi wake. Inapokelewa kwamba mzee huyu huyu alimpa ruhusa ya kutoa fatwa akiwa na miaka kumi na mitano tu, ingawa zipo riwaya zinazosema alikuwa amezidi hapo kidogo.

Sisi tukimkuta kijana wa mtu kwenye kona ya barabara, tunaanza na kelele. Hatumwulizi jina. Halafu tunalalamika kwamba vijana hawasikii wazee.

Na wazazi wamtazame tena mama. Kijana anatolewa na mtu mwingine, anafuata mzee mwingine, anakwenda mbali, na yeye hakumzuia. Upo upendo wa mama unaoshika mtoto mpaka unamvunja. Kijana wa kiume asiye na baba anahitaji wanaume wema wa kuwatazama: mjomba, mwalimu, jirani fundi, mzee wa msikiti. Mama mjane asione kwamba anashindwa kazi yake akimkabidhi mwanawe kwa mtu wa namna hiyo. Lakini achague kwa macho mawili, aulize tabia ya mtu huyo, na asiache kufuatilia. Si kila mwenye kanzu ni wa kumwachia mtoto.

Habari za Imamu Malik wa Madina zikamfikia kijana, na kitabu chake al-Muwatta. Akatamani kwenda. Kabla ya kwenda alifanya mambo mawili. Kwanza aliazima kitabu kwa mtu wa Maka akakihifadhi chote. Pili alitafuta barua kwa gavana wa Maka, iende kwa gavana wa Madina na kwa Malik. Alipofika Madina, gavana akaona ugumu. Akasema kutembea miguu mitupu toka Madina mpaka Maka kwake ni rahisi kuliko kwenda kusimama mlangoni kwa Malik. Wakaenda, wakangojeshwa, Malik akatoka akapewa barua. Aliposoma mahali pa kumwombea kijana, akaitupa kwa hasira: imefika mahali elimu ya Mtume inatafutwa kwa barua za wakubwa? Gavana akaogopa kusema. Kijana akasogea mwenyewe akajieleza yeye ni nani na anataka nini. Malik akamtazama muda, akamwuliza jina, akamwusia amche Mungu na asizime kwa maasi nuru aliyoiona ndani yake, akamwambia arudi kesho aje na mtu wa kumsomea. Kesho yake alikuja peke yake, akasoma kwa kichwa, na kila alipoona aibu akitaka kukoma, Malik alimtaka aendelee.

Katika nchi yetu kila mzazi anatafuta rekomandasio. Mtoto aingie shule, barua ya mkubwa. Mtoto apate kazi, simu ya mkubwa. Barua ya Shafii ilitupwa chini, na kilichomfungulia mlango ni kitabu alichokwisha kukihifadhi. Mzazi aliyemtafutia mtoto barua na hakumhimiza kuhifadhi kitabu, amempa nusu, na ni ile nusu inayotupwa.

Alikaa na Malik mpaka Malik alipofariki, mwaka wa 179 wa Hijria (795). Shafii alikuwa karibu na miaka thelathini, mwanachuoni tayari, na bado maskini. Ikapatikana kazi ya serikali Yemeni. Hakuwa na nauli wala nguo za safari. Inapokelewa kwamba mama yake aliweka rehani nyumba yake kwa dinari 16, akampa. Nyumba ndiyo ilikuwa mali yake yote. Huyu ni mama aliyekwisha kuzeeka, na mtoto ni mtu mzima. Na mtazame wakati wake. Hakuitoa rehani kijana alipotaka mishale, aliitoa alipokwisha kuona kwa miaka thelathini mtoto ni mtu wa namna gani. Wapo wazazi wanaouza parseli kumnunulia kijana wa miaka kumi na saba moto ya kubeba watu, naye hajaonyesha hata mara moja kwamba anaweza kutunza baiskeli.

Yemeni, katika Najrani, alihukumu kwa haki. Watu walizoea kuwapamba wakubwa kwa maneno na zawadi, kwake hawakupata njia. Mwenye haki namna hiyo hupata maadui. Akashtakiwa kwamba anaungana na jamaa za Ali wanaotaka kumpindua Khalifa Harun ar-Rashid, akachukuliwa na wengine kwa minyororo mpaka Raqqa, mwaka wa 184 (800). Maisha yake yalikuwa katika hatari ya upanga. Akajieleza kwa utulivu, na mwanachuoni Muhammad bin al-Hasan ash-Shaibani akamsemea vizuri, akaachiwa. Baada ya hapo alikaa na huyo Muhammad bin al-Hasan akasoma fikihi ya Iraki, akarudi na mzigo wa ngamia mzima wa vitabu. Nyumba ilikuwa imewekwa rehani kwa ajili ya cheo, na cheo kikaishia katika pingu. Lakini elimu aliyolelewa nayo ndiyo iliyomtoa.

Kuna jambo moja lililotokea katika jumba la Harun ambalo wazazi hawalisikii mara nyingi, nami kwa ajili yake ndipo nilipochagua habari hii. Shafii alikalishwa karibu na mtu aitwaye Abu Abdi's-Samad, mwalimu wa watoto wa Khalifa. Mtumishi wa Khalifa akamwomba amwusie mwalimu huyo juu ya watoto. Watu walitazamia atasema juu ya kiboko, au juu ya vitabu gani vya kusomesha. Yeye alianza na mwalimu mwenyewe. Alimwambia kwamba kazi ya kwanza ya kuwatengeneza watoto hao ni kujitengeneza yeye, maana macho yao yamefungwa kwake: watakachoona anakipenda watakiita kizuri, na watakachoona anakichukia watakiita kibaya. Kisha akamwusia juu ya Kurani, asiwalazimishe kiasi cha kuichoka, wala asiwaachilie kiasi cha kuihama. Awape mashairi yaliyo safi na maneno yaliyo bora. Na asiwatoe katika somo moja kuwaingiza katika jingine kabla hawajalimaliza la kwanza, kwa sababu maneno mengi yakirundikana masikioni, akili inapotea.

Hayo aliyasema mtu aliyesoma bure kwa kukaa mahali pa mwalimu, akiwa na miaka isiyofika saba. Alijua watoto wanatazama nini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyetazama.

Baba mwenzangu, hebu tupime. Unamtuma mtoto dukani, unamwambia mgeni akija aseme hupo. Kesho unamchapa kwa kusema uongo. Unamkataza simu na wewe unalala nayo usoni. Unamfukuza kwenda chuoni Jumamosi na wewe mwenyewe msahafu wako una vumbi tangu Ramadani. Mtoto hana kosa, amesoma alichosomeshwa. Na juu ya kutolazimisha, walimu wenzangu wa vyuo mnisikie nanyi: fimbo isiyo na hesabu imetoa watoto wengi katika Kurani kuliko muziki ulivyowatoa. Nimewaona wakubwa wenye watoto sasa, wakipita mbele ya chuo walichosoma wanageuza uso. Lakini wako pia wazazi wa upande wa pili, wanaosema mtoto akikua atachagua mwenyewe. Mtoto asiyeonyeshwa njia hachagui, anabebwa na wa kwanza kumfikia. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo Imamu alipomweka yule mwalimu. Robo saa ya Kurani kila siku baada ya magaribi, baba akiwa amekaa chini pamoja nao, ni bora kuliko saa tatu za kiboko siku moja ya wiki.

Juu ya kurundika: mtoto mmoja anatiwa katika shule, chuo, kompyuta, Kiingereza na karate katika mwezi mmoja, na mwezi wa pili ameacha vyote. Somo moja likamilike.

Yaliyobaki nitayapitia kwa ufupi. Alirudi Maka akafundisha katika Msikiti Mtukufu, na huko Imamu Ahmad bin Hanbal, naye aliyelelewa na mama mjane, akakaa miguuni pake. Mwaka wa 195 alikwenda Baghdad. Aliandika ar-Risala, kitabu cha kwanza mashuhuri cha kuweka misingi ya fikihi. Mwishoni mwa mwaka wa 198 au mwanzo wa 199 (814) akahamia Misri, akapitia upya fatwa zake nyingi, ndiyo maana vitabu vyetu vinataja kauli ya zamani na kauli mpya. Humo ar-Rabi' na wanafunzi wengine wakapokea al-Umm. Ar-Rabi' alieleza kwamba usiku wake aliugawa mafungu matatu: la kuandika, la kusali, la kulala.

Pesa zilipomjia hazikukaa. Wakati mmoja alirudi kutoka Sanaa na dinari 10.000, akapiga hema nje ya Maka, watu wakaja kumsalimia, hakuingia mjini mpaka alipozigawa zote. Na katika mabishano alikuwa mpole. Mwanafunzi wake Yunus alibishana naye siku moja mpaka wakaachana bila kukubaliana. Walipokutana tena, Imamu alimshika mkono akamwuliza kama hawawezi kubaki ndugu hata wakikosa kukubaliana katika suala moja. Hilo ninalisema kwa ajili ya baba fulani fulani katika jamaa yetu ambao hawasemi na vijana wao tangu mwaka jana kwa sababu ya neno lililotoka mezani. Mkubwa ndiye aliyeshika mkono wa mdogo, tukumbuke.

Misri aliugua kwa muda mrefu, akitokwa na damu nyingi, na hakuacha kusomesha. Alifariki Fustat siku ya mwisho ya Rajabu mwaka wa 204, ndio Januari 820, ana miaka 54 ya Hijria. Alizikwa katika makaburi ya Qarafa, na mahali pale leo ni ndani ya jiji la Kairo. Miaka mia nne baadaye, mwaka wa 1211, Sultani al-Kamil alijenga juu ya kaburi kuba kubwa la mbao ambalo bado linasimama, na humo humo, karibu na Imamu, Sultani akamzika mama yake.

Wabillahi taufiki. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.